Walivaa Nini Tabora? Historia ya Merikani na Funzo Lake kwa Biashara Zetu

Tulipokuwa Kidato cha Tatu, Mwalimu wetu wa Historia aliingia darasani siku moja baada ya chakula cha mchana, saa ambayo sote twajua jinsi macho yanavyokuwa mazito. Hakutoa maelezo yoyote. Aliandika ubaoni swali moja: "Kitambaa cha merikani kilitoka Marekani. Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao. Je, huko Tabora watu walivaa nini?" Mimi nilinyosha mkono kabla ya wenzangu nikajibu kwamba walikaa uchi. Darasa zima lilicheka, na Mwalimu naye alicheka. Kisha aliniambia niketi, na nihakikishe nimepata jibu la kweli kabla ya kumaliza shule.

Nilimaliza shule bila kulitafuta. Nilikwenda Mlimani, nikapata shahada yangu, nikaajiriwa Serikalini katika kazi za biashara na viwanda, na swali la Mwalimu nikalisahau kabisa. Lililonikumbusha ni kiwanda kimoja kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti katika mkoa mmoja wa kanda ya kati. Nilikikagua mwaka 2019. Mashine zilikuwa mpya, hesabu zilikuwa safi, na wafanyakazi wapatao 40 walikuwa na ari ya kazi. Katika taarifa yangu niliandika neno "imara". Mwaka uliofuata, wakati biashara ya dunia nzima ilipovurugwa na maradhi ya korona, kiwanda kile kilifungwa. Alizeti ilikuwapo na wateja walikuwapo. Kilichokosekana ni madumu. Mwenye kiwanda alikuwa akinunua madumu kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alipokosa malighafi kutoka nje, hakuwa na mwingine wa kumwendea. Mafuta yalikaa kwenye matangi, deni la benki likaendelea kuhesabiwa, na wale watu 40 wakarudi nyumbani.

Sikuwa nimedanganya katika taarifa yangu. Nilikuwa nimetazama ndani ya ukuta wa kiwanda, na ndani ya ukuta mambo yalikuwa mazuri. Sikuuliza kiwanda kile kimefungamana na nani, wala kwa nyuzi ngapi. Ndipo nilipolikumbuka swali la Mwalimu, na safari hii nikaketi kulitafutia jibu. Nawaletea niliyoyapata, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani leo.

Nyuzi za biashara ya Zanzibar

Tuanzie Zanzibar. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika kisiwani. Mtu huyu alitoka Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, naye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa balozi. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cheupe cha pamba, kigumu na cha kudumu, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani. Watu wa pwani na wa bara walikipenda mno, wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Merikebu hizo zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi ya kutengenezea vanishi, ngozi na karafuu. Pembe nyingi ziliishia katika jimbo la Connecticut, ambako zilichongwa kuwa vibao vya piano.

Mfanyabiashara wa Salem hakuijua njia ya Tabora, wala hakuwa na haja ya kuijua. Aliuza majora yake kwa matajiri wa Kihindi waliokuwa kisiwani, Mabaniani na Makhoja, ambao wengi wao asili yao ilikuwa Kutch. Matajiri hao waliwakopesha bidhaa wenye misafara, Waarabu na Waswahili. Wenye misafara waliajiri wapagazi, ambao wengi walikuwa Wanyamwezi, wakavuka kwenda Bagamoyo na kupanda bara hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Pembe ilirudi kwa njia ile ile, kutoka mkono hadi mkono, na katika kila mkono deni moja lililipwa na jingine likaandikwa.

Ikumbukwe kwamba hapakuwa na kampuni moja iliyoshika njia nzima kutoka Salem hadi Manyema. Kilichokuwapo ni biashara nyingi, kubwa na ndogo, zilizofungamana kwa mkopo, kwa barua, kwa undugu na kwa kuaminiana. Mkopo ndio ulikuwa uzi mkuu. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ambaye alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, aliondoka pwani katika safari yake kubwa ya tatu karibu na mwaka 1870 akiwa na mali aliyokopeshwa na tajiri Taria Topan. Hakurudi Zanzibar hadi mwaka 1882. Hebu tufikiri, ndugu zangu: ni benki gani leo itakayomkopesha mtu bidhaa, imwone akipotelea msituni, na imsubiri miaka kumi na miwili? Taria Topan aliweza kusubiri kwa sababu Tippu Tip hakuwa mdaiwa wake peke yake, na misafara haikuwa biashara yake pekee.

Tena, matajiri wa Zanzibar hawakufungamana na Salem tu. Wajerumani wa Hamburg walikuwapo tangu miaka ya 1840. Nyumba ya O'Swald ilinunua kauri za pwani yetu na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Wafaransa wa Marseille walitafuta ufuta wa kukamua mafuta. Waingereza walikuwapo, na Mumbai ilikuwa karibu kuliko wote, maana pepo za kusi na kaskazi zilipeleka na kurudisha majahazi kila mwaka. Tajiri mmoja wa Kikhoja aliweza, katika mwezi mmoja, kumuuzia pembe Mmarekani, kumnunulia Mfaransa ufuta, na kumwandikia barua binamu yake aliyeko Mumbai kuhusu bei ya nguo.

Pigo la kwanza: vita vya Marekani

Mwezi wa Aprili 1861 vita vilianza kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini ya Marekani. Viwanda vya nguo vilikuwa kaskazini, na pamba ililimwa kusini kwa jasho la watumwa. Merikebu za kaskazini zikazifunga bandari za kusini, pamba ikakatika, viwanda vikapunguza kazi au vikasimama. Merikani ikawa adimu Zanzibar, na kwa kuwa viwanda vya Uingereza navyo vilikuwa vikitegemea pamba ile ile, bei ya nguo ilipanda karibu kila mahali.

Kama biashara ya pwani ingekuwa uzi mmoja kutoka Salem hadi Ujiji, ingekatika hapo. Hata hivyo misafara iliendelea kupanda bara, na pembe iliendelea kushuka. Tajiri aliyezoea kununua kwa Mmarekani aligeuka akanunua nguo za Uingereza, au akaagiza za Bara Hindi kwa jamaa zake. Mwenye msafara aliendelea kukopeshwa na tajiri yule yule aliyemzoea, ingawa nguo zilikuwa za namna nyingine na bei ilikuwa kali zaidi. Kule bara nako ufumaji wa wenyeji, kama ule wa Ufipa, ulikuwa bado hai, na nguo za magome ya miti zilikuwa bado zikivaliwa.

Basi, Mwalimu, jibu ninalo, ijapokuwa nimechelewa zaidi ya miaka ishirini. Tabora walivaa nguo za Uingereza na za Bara Hindi, walivaa kaniki, walivaa za wenyeji, na wenye uwezo walivaa merikani iliyobaki kwa bei ya juu. Hawakukaa uchi. Vita vilipokwisha mwaka 1865 merikani ilirudi sokoni, lakini njia nyingine zilikuwa zimekwisha kufunguka. Kiwanda cha kwanza cha nguo cha Mumbai kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1856. Kadiri miaka ilivyopita, viwanda vya mji huo viliongezeka, na kabla ya karne ile kwisha nguo za Mumbai zilikuwa zimeisukuma nje nguo ya Marekani katika soko letu. Jina halikubadilika. Mabibi zetu waliendelea kununua "merikani" ambayo haikupata kuiona Marekani.

Pigo la pili na la tatu: Mirambo na kimbunga

Miaka sita baada ya vita vile, pigo lilitoka upande wa bara. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Tabora, na vita vyao vikaifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliikuta vita hiyo mwezi wa Juni, akajiunga na upande wa Waarabu, wakashindwa. Ilimbidi azunguke kusini, na akafika Ujiji mwezi wa Novemba. Waliopata hasara kubwa ni wale wa Tabora ambao mali yao yote ilitegemea barabara ile moja. Waliozoea njia za kusini, akina Tippu Tip, waliendelea kukusanya pembe zao.

Kisha likaja pigo la tatu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar. Karibu merikebu zote zilizokuwa bandarini ziliangamia, na minazi na mikarafuu ya Unguja iling'olewa kwa mashamba mazima. Theluthi mbili hivi ya mikarafuu ya kisiwa hicho ilipotea kwa siku moja. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1873, Seyyid Barghash alishurutishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kimbunga kiliwapiga wote, tajiri na mwenye shamba. Wote wawili walipoteza mali. Mbona miaka michache baadaye mmoja alikuwa amesimama na mwingine amekwisha?

Tajiri aliyepoteza shehena ya karafuu bandarini alikuwa bado anadai pembe Tabora, ana nguo njiani kutoka Mumbai, ana nyumba mjini ya kupangisha, na ana jamaa Kutch wa kumwazima. Uzi mmoja ulipokatika, nyingine zilimshikilia. Taria Topan, aliyekuja Zanzibar akiwa mtoto na kuanza kazi ya utumishi katika nyumba ya Jairam Shivji iliyokuwa imekodi forodha ya Sultani, alifikia kukodi forodha hiyo yeye mwenyewe katika miaka ile ile ya 1870.

Mwenye shamba la Unguja alikuwa na zao moja, nalo ni karafuu. Alikuwa na mkopeshaji mmoja, na dhamana aliyoweka ni shamba lenyewe, mara nyingi kwa ule mtindo wa bei ya khiyari, ambapo mtu huuza mali yake kwa sharti la kuikomboa akilipa. Mkarafuu huchukua miaka kama saba kabla ya kuzaa vema. Ni nani angemsubiri miaka hiyo? Akakopa juu ya mkopo, na mashamba mengi yakawa ya wenye mashamba kwa jina tu.

Kwa hiyo waliokuwa ndani ya wavu ule ule wa biashara hawakuwa na nguvu sawa. Aliyekaa mahali nyuzi nyingi zinapokutana alilindwa, na aliyening'inia kwa uzi mmoja alianguka. Chini kabisa walikuwako wale ambao wavu huo haukuwalinda hata kidogo: mtumwa aliyechuma karafuu, mtumwa aliyeletwa pwani kwa minyororo, na mpagazi aliyefia njiani na mzigo wa frasila mbili kichwani. Msiba ulipotua juu ulisukumwa chini, na wao walikuwa chini. Yeyote anayesifu biashara ya misafara bila kuwataja watu hao anasema nusu ya ukweli.

Kutoka msafara hadi duka

Wavu wa Zanzibar ulivumilia mapigo mengi, lakini haukudumu milele. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za moshi zikaanza kuja kwa ratiba mwaka 1872, na waya wa simu ukafika mwaka 1879. Mfanyabiashara wa Ulaya hakumhitaji tena sana mtu wa kati wa Zanzibar. Pembe za Manyema, zilizokuwa zikishuka Bagamoyo, zilianza kushuka kwa Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki na kuishia Antwerp. Wajerumani na Waingereza waligawana bara. Udhaifu wa wavu ule ulionekana wazi wakati huo: ulikuwa stadi wa kununua na kuuza, lakini haukuwa umejenga viwanda vyake. Nguo ilifumwa kwingine, piano ilitengenezwa kwingine, na ndovu waliuawa bila kufugwa. Njia zilipohamishwa, kilichobaki mkononi kilikuwa kidogo.

Hata hivyo nyuzi hazikupotea zote. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyekuwa akiipatia misafara bidhaa na wapagazi, alikuwa na kijana mmoja aliyekuja kutoka Kutch mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka kama 12. Kijana huyo ni Allidina Visram. Alijifunza kwa bwana wake nani anaaminika, barua huandikwaje, na mtu wa bara anataka nini. Misafara ilipoanza kufa, hakuililia. Alifungua maduka pale pale misafara ilipokuwa ikipumzika, kisha reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, akaifuata kwa maduka mengine hadi Kampala. Maduka yake yaliuza chumvi, nguo na sukari, na yalinunua ngozi, ufuta, nta na pamba. Baadaye alianzisha viwanda vya kuchambua pamba. Aliwakopesha bidhaa vijana aliowaajiri, nao wengi walikuja kufungua maduka yao wenyewe. Alipofariki mwaka 1916, wavu wa misafara ulikuwa umegeuka kuwa wavu wa maduka.

Huo ndio ukuaji wa kweli wa uchumi, nao hauonekani katika hesabu za duka moja. Kila duka lilipofunguliwa, mkulima wa jirani alipata mahali pa kuuzia ufuta wake, na kiwanda cha mbali kilipata mteja mpya. Lakini tusisahau kasoro yake. Mkopo ulizunguka zaidi ndani ya jamaa na jumuiya moja. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliikaza kasoro hiyo kwa kuweka, tangu miaka ya 1920, sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa. Mwafrika aliruhusiwa kuwa mteja wa wavu huo na mwuzaji wa mazao, lakini alizuiwa asiwe fundo ndani yake. Wavu wa namna hiyo huzaa kinyongo, na kinyongo kina gharama yake.

Gharama ilionekana Uganda. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao yaligawiwa watu wengine. Majengo yalibaki, rafu zilibaki, hata bidhaa zilibaki kwa muda. Lakini bidhaa zilipokwisha, wengi waliopewa maduka hawakujua ziliagizwa kwa nani, kwa masharti gani, na nani angewapa mali leo walipe baada ya miezi mitatu. Sukari na sabuni zikaadimika. Duka laweza kunyang'anywa kwa amri ya siku moja, lakini mafungamano yaliyojengwa kwa miaka mia hayahamishiki kwa amri.

Nasi Watanzania tusiwacheke jirani. Mwezi wa Mei 1976 Serikali yetu ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyaweka mazao mikononi mwa mamlaka chache. Vyama vile vilikuwa na dosari nyingi, na malalamiko ya wakulima dhidi yake yalikuwa ya haki. Lakini pamoja na dosari vilivunjwa pia vile vifundo vilivyomuunganisha mkulima na ghala, lori, mchambuzi na mnunuzi. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama hivyo virudi, na kila aliyefanya kazi ya ushirika anajua kwamba kuvirudisha kulikuwa kugumu kuliko kuvivunja.

Tufanye nini sisi?

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yupo atakayeniambia kwamba methali hii inapinga yote niliyoandika. Nadhani haipingi. Anayemtegemea ndugu mmoja ndiye yule mwenye shamba wa Unguja, ndiye yule mwenye kiwanda cha alizeti. Aliye na ndugu wengi, akawapa nao wakampa, huyo hategemei cha mtu. Amefungamana na watu.

Kwa kazi yangu nimebadili namna ya kukagua. Nikifika kiwandani siku hizi, kabla ya kuangalia mashine, nauliza maswali matatu. Malighafi yako unainunua kwa wangapi? Mali yako unaiuza kwa wangapi? Na mambo yakiharibika usiku wa leo, utampigia simu nani, naye atakuja? Mwenye kiwanda akijibu "mmoja, mmoja, sina", siandiki tena neno "imara", hata kama sakafu yake inang'aa.

Kwenu wadogo zetu mnaosoma Historia na kuiona kuwa ni somo la kukariri tarehe: tarehe hizo zina kazi. Mtu aliyeelewa kwa nini Tabora hawakukaa uchi mwaka 1861 angeweza kukiokoa kiwanda mwaka 2020. Mimi nilikuwa na swali hilo tangu Kidato cha Tatu, na nilichelewa.

Nimalizie kwa jambo linalotuhusu sisi wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani. Katika mkutano wetu uliopita, tukiwa tumeketi bwaloni kwenye mabenchi yale yale, nilijikuta karibu na kaka yetu mmoja aliyetutangulia vidato viwili. Tulizungumza habari za ugali wa zamani na za viranja, kisha nikamwuliza anafanya kazi gani. Akanijibu kwamba ana karakana ya kutengeneza madumu, Morogoro. Nikamwuliza mwaka 2020 ulimwendeaje. Akasema ulikuwa mwaka mbaya: malighafi alikuwa nayo stoo, lakini wateja wake walikuwa wamefunga, na alikaa miezi mingi akitafuta mtu wa kumuuzia.

Nilinyamaza kwa muda. Kutoka karakana yake hadi kwenye kile kiwanda cha alizeti ni safari ya siku moja kwa lori. Mimi nilimfahamu mwenye kiwanda, na yeye alikuwa kaka yangu wa shule, tuliyekula naye katika bwalo moja. Uzi ulikosekana mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni pale nilipokuwa nimeketi mimi.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya Kamati. Daftari letu la wanachama lina majina, miaka ya kumaliza na mabweni. Tuongeze safu mbili: mtu anatengeneza au anauza nini, na anahitaji nini. Na tusilifungie daftari hilo kabatini, wala tusilifanye la wakubwa peke yao, kwa maana tumeona yaliyowapata waliofunga milango ya wavu wao. Vijana wanaomaliza mwaka huu nao waandikwe, hata kama kwa sasa walichonacho ni cheti na mikono miwili.

Mwalimu wetu alikwisha kustaafu. Kama gazeti hili litamfikia, namwomba alipokee jibu langu na alisahihishe. Najua wino wake ni mwekundu.